Neno Lisilotajwa: Mwiko wa Wacheza Besiboli

Watu wa Marekani huupenda mchezo wa besiboli kama wengi wetu tuupendavyo mpira wa miguu. Katika mchezo huo wana mwiko mmoja ambao hata watoto wanaujua: mtu akiwa karibu kulitimiza jambo fulani kubwa uwanjani, jambo lile halitajwi. Wenzake hawalitaji, watazamaji huogopa kulitaja, na zamani hata watangazaji wengi wa redio walilikwepa. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo hilo ni lipi, kwa nini watu hulinyamazia, na jinsi mtangazaji mmoja alivyouvunja mwiko huo mwaka 1947, akalaumiwa kana kwamba yeye ndiye aliyeupiga mpira.

Kwanza yafaa tuueleze mchezo wenyewe, maana asiyeujua hawezi kuona uzito wa habari hii. Timu ni mbili, na kila moja huwa na watu tisa. Uwanjani kuna vituo vinne, vimepangwa kama pembe za mraba. Kituo cha kuanzia, ambacho pia ndicho cha kumalizia, huitwa nyumbani, na hapo husimama mpigaji na rungu lake. Mbele yake, umbali wa futi 60 na inchi 6, husimama mrushaji wa timu ya pili, ameshika mpira mgumu wa ukubwa wa chungwa. Huutupa kwa nguvu na kwa hila, ili mpigaji asiweze kuupiga vema. Warushaji hodari huupeleka kwa mwendo wa zaidi ya maili 90 kwa saa, na mpira humfikia mpigaji kabla nusu ya sekunde haijatimia.

Mpigaji akiupiga mpira ukaanguka ndani ya uwanja pasipo kudakwa, naye akawahi kufika kituo cha kwanza kabla ya mpira, amepata pigo. Mpira ukidakwa hewani, au ukimtangulia kituoni, au yeye akiukosa mara tatu, ametolewa. Wakiisha kutolewa watatu, zamu ya timu yake imekwisha, na upande wa pili huja kupiga. Mchezaji akivizunguka vituo vyote akarudi nyumbani salama, timu yake hupata alama moja. Kila upande una zamu tisa. Kwa hiyo mrushaji atakaye kuumaliza mchezo peke yake hana budi kuwatoa watu 27.

Lakini ziko njia nyingine za kufika kituo cha kwanza pasipo kupata pigo. Mrushaji akitupa vibaya mara nne, mpigaji hupewa kituo bure. Tena mmoja wa walinzi wa uwanja akikosea, labda kwa kuuangusha mpira ambao angaliweza kuudaka, mpigaji huponea hapo, wala haihesabiwi kwamba amepata pigo. Neno hili tulishike vema, kwa kuwa ndilo litakalotuonyesha tofauti ya mambo mawili yafuatayo.

Ikiwa zamu zote tisa zimekwisha na wapinzani hawakupata hata pigo moja, huo ni mchezo usio na pigo. Na ikiwa hakuna hata mtu mmoja aliyefika kituo cha kwanza kwa njia yo yote, wote 27 wakatolewa mmoja baada ya mmoja, huo huitwa mchezo mkamilifu. Kila mchezo mkamilifu hauna pigo, lakini si kila mchezo usio na pigo ulio mkamilifu. Tena, aliyewanyima wapinzani mapigo yote aweza hata kushindwa. Ndivyo yalivyompata Ken Johnson wa Houston tarehe 23 Aprili 1964. Watu wa Cincinnati hawakupata pigo lo lote kwake. Hata hivyo makosa ya uwanjani, moja likiwa lake mwenyewe, yaliwapa alama moja, nao wakashinda 1 kwa 0.

Katika ligi kuu za Marekani hesabu rasmi ya michezo hiyo huanzia tarehe 15 Julai 1876, George Bradley wa St. Louis alipowanyima Hartford mapigo yote. Tangu siku ile ligi hizo zimecheza mara zaidi ya 200,000, na michezo isiyo na pigo imepita 300 kwa kiasi kidogo tu. Michezo mikamilifu ni haba mno: ule wa Domingo Germán wa mwezi Juni 2023 ulikuwa wa 24. Johnny Vander Meer wa Cincinnati alitimiza michezo miwili isiyo na pigo kwa kufuatana mwezi Juni 1938, siku nne tu baina yake. Nolan Ryan alitimiza saba tangu mwaka 1973 hata 1991, na hapana aliyemkaribia. Anayemfuata ni Sandy Koufax mwenye minne. Lakini Greg Maddux, aliyeshinda michezo 355 katika maisha yake, hakupata hata mmoja. Basi si ajabu watu wakiona kwamba jambo hili lataka ustadi, na pamoja na ustadi lataka bahati.

Na palipo bahati, miiko haikosi.

Timu inapongojea zamu ya kupiga, wachezaji hukaa juu ya benchi katika kibanda kilicho kando ya uwanja. Siku nyingine mrushaji huketi humo pamoja na wenzake, wakacheka na kuzungumza. Lakini zamu ya tano au ya sita ikiisha kupita, na wapinzani hawajapata pigo, mambo hubadilika. Wenzake humwepuka. Hukaa peke yake mwisho wa benchi, kama mgeni asiyejuana na mtu. Aliyekuwa ameketi mahali fulani tangu mwanzo haondoki, asije akaibadili bahati; aliyekunja miguu huiacha vile vile. Na juu ya yote, hapana mtu asemaye kwamba wapinzani hawajapata pigo. Ubao wa hesabu umesimama mbele yao, mkubwa kama ukuta wa nyumba, na mahali pa mapigo pameandikwa sifuri. Kila mwenye macho aiona. Hata hivyo huogopa kwamba neno likitamkwa, pigo litakuja.

Kwa nini watu wazima, wenye akili zao, hufanya hivyo? Mtu mmoja aliyejaribu kujibu swali hili ni George Gmelch, ambaye alicheza besiboli katika ligi ndogo kabla hajawa mtaalamu wa mila za wanadamu. Katika makala aliyoyaandika mwaka 1971 alitumia maneno ya mtaalamu aliyemtangulia, Bronislaw Malinowski, aliyekaa katika visiwa vya Trobriand vya Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Malinowski aliona kwamba wavuvi wa huko walipovua ndani ya maji matulivu ya wangwa, ambako samaki walipatikana bila shida wala hatari, hawakutumia uganga. Lakini walipotoka kwenda bahari kuu, ambako dhoruba iliweza kuwaua na samaki waliweza kukosekana, hawakuondoka kabla ya kufanya uganga wao.

Gmelch akasema kwamba wacheza besiboli ni vivyo hivyo. Mlinzi wa uwanja akijiwa na mpira huumudu karibu mara 97 katika 100. Kazi yake ni kama kuvua katika maji matulivu, na miiko yake ni michache. Lakini mpigaji hufaulu kupata pigo kama mara moja tu katika nne, na mrushaji aweza kutupa vema kabisa na bado mpira ukapigwa ukaanguka mahali pasipo mtu. Hao ndio walio katika bahari kuu. Wao ndio wenye hirizi, na fulana isiyofuliwa siku za ushindi, na mstari wa chokaa usiokanyagwa.

Nasi tusiwacheke upesi. Katika miji ya pwani yetu wapo watu ambao usiku hawaiti chumvi kwa jina lake, bali huomba dawa ya mboga. Wala hawaulizii sindano dukani jua likiisha kutua. Ukiwauliza sababu, wengi watajibu kwamba ndivyo walivyowakuta wazee wao. Mmarekani naye akiulizwa juu ya mwiko wake atajibu karibu maneno yayo hayo.

Sasa tuje kwenye kisa cha mwaka 1947. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule New York Yankees na Brooklyn Dodgers walikutana katika uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn. Ulikuwa mchezo wa nne wa World Series, yaani mashindano ya kumaliza mwaka, ambayo timu itanguliayo kushinda michezo minne ndiyo bingwa. Katika historia yote ya mashindano hayo hapakuwa pametokea bado mchezo usio na pigo.

Mrushaji wa Yankees alikuwa Bill Bevens, mtu aliyekuwa na mwaka mbaya: alikuwa ameshinda michezo 7 na kushindwa 13. Siku hiyo pia hakuwa na shabaha. Aliwapa wapinzani vituo bure mara kumi, na kwa ajili hiyo Dodgers wakapata alama moja katika zamu ya tano. Lakini pigo hawakupata. Zamu ya nane ilipokwisha Yankees walikuwa mbele, 2 kwa 1, na Bevens alikuwa amebakiza watu watatu tu kufanya jambo ambalo hapana mtu aliyelifanya kabla yake.

Redioni walikuwako watangazaji wawili waliojulikana nchi nzima. Mel Allen, mtangazaji wa Yankees, alitangaza sehemu ya kwanza, naye aliushika mwiko. Kisha Red Barber, mtangazaji wa Dodgers, akapokea kipaza sauti. Yeye aliisoma hesabu yote wazi, na ndani yake akasema kwamba Dodgers hawajapata pigo. Akaendelea kuitaja hivyo, zamu baada ya zamu.

Ikafika zamu ya tisa. Wawili walikuwa wamekwisha kutolewa, amebaki mmoja. Vituoni walikuwamo Dodgers wawili, wanaokimbia badala ya wenzao waliopewa vituo bure. Akaingizwa mpigaji wa akiba, mchezaji wa siku nyingi aitwaye Cookie Lavagetto. Mpira wa kwanza akaukosa. Wa pili akaupiga, ukaruka ukagonga ukuta wa upande wa kulia, na wale wawili wakakimbia hata nyumbani. Kwa pigo lile moja Bevens alipoteza vyote viwili, sifa na mchezo: Dodgers walishinda 3 kwa 2. Mwisho wa mashindano Yankees ndio waliokuwa mabingwa, lakini Bevens hakupata kutupa tena katika ligi kuu baada ya mwaka ule. Lavagetto naye hakucheza tena humo.

Watu wengi wakamgeukia Barber. Wakasema kwamba kinywa chake ndicho kilichomharibia Bevens, kwa kuwa alilitaja lisilotajwa. Yeye alijibu kwamba kazi yake ni kueleza yanayotokea, na kwamba lisemwalo katika chumba cha mtangazaji halina nguvu juu ya mpira ulioko uwanjani.

Hapa tungependa tusimame kidogo, maana swali hili latuhusu sisi tunaosema redioni, na latuhusu wote wanaosikiliza. Mtu aliye uwanjani ana ubao mbele yake. Hata mkinyamaza wote, atajua. Lakini asikilizaye nyumbani hana macho ila sauti ya mtangazaji. Yuko aliyefungulia redio katika zamu ya saba, akitoka kazini. Asipoambiwa, hatajua kwamba yuko mbele ya jambo kubwa, na huenda akaifunga akaenda zake. Je, ni haki kumficha habari mtu kama huyo kwa ajili ya kuogopa neno?

Tuwapime sasa wale wasemao kwamba neno huleta pigo. Tarehe 8 Oktoba 1956 Yankees na Dodgers walikutana tena katika World Series, na mrushaji wa Yankees alikuwa Don Larsen. Alipoimaliza zamu ya saba pasipo mtu kufika kituo cha kwanza, wenzake walimkimbia kama ilivyo desturi. Lakini Larsen mwenyewe alimwendea Mickey Mantle akamwambia habari ile waziwazi, kwamba zimebaki zamu mbili, na lingekuwa jambo la namna gani akiweza kuzimaliza. Mantle akaondoka bila kujibu. Basi mwiko ulivunjwa, tena na mwenyewe mhusika. Kisha ikawaje? Larsen akawatoa wote waliosalia. Akatimiza mchezo mkamilifu kwa mipira 97, nao hata leo ndio mchezo mkamilifu wa pekee katika World Series yote. Mwaka 2022 Houston walitimiza mchezo usio na pigo katika mashindano hayo, lakini kwa kusaidiana warushaji wanne.

Mwingine ni Jim Bunning wa Philadelphia, ambaye baadaye alikuwa mjumbe wa Baraza la Seneti la Marekani. Tarehe 21 Juni 1964, alipokuwa akitupa huko New York, hakungoja kunyamaziwa. Aliwaambia wenzake kibandani kwamba wapinzani hawajapata kitu, akawahimiza walinzi wajitupe chini kuufuata kila mpira. Walifanya hivyo, naye akapata mchezo mkamilifu.

Mtu aweza kusema kwamba hao ni wawili tu, na kwamba wako wengi waliotajwa wakapigwa. Ni kweli, wako wengi. Lakini wanafunzi wa hesabu na watusaidie hapa. Tulisema kwamba mpigaji hupata pigo kama mara moja katika nne. Basi hukosa mara tatu katika nne. Mrushaji aliyekwisha kuimaliza zamu ya nane amebakiza watu watatu. Zidisheni robo tatu kwa robo tatu kwa robo tatu: jibu ni 27 katika 64, yaani pungufu ya nusu. Maana yake, hata akiwa amefika mlangoni kabisa, yaelekea atapigwa kuliko kutopigwa, ijapokuwa dunia nzima imeziba vinywa. Na aliyemaliza zamu ya sita amebakiza watu tisa. Kwa hesabu hiyo hiyo, katika warushaji 100 waliofika hapo, kama 92 watapigwa. Basi ye yote atakayelitaja neno katika zamu ya sita ataonekana mara nyingi kuwa ndiye aliyeleta msiba, kama vile mtu asemaye kila asubuhi ya masika kwamba mvua itanyesha aonekanavyo kuwa ndiye aliyeiita. Waliotaja wakapigwa, watu huwakumbuka. Walionyamaza wakapigwa, hapana awahesabuye.

Anayetaka kuona kwa macho yake na achukue kokoto nne za ukubwa mmoja, tatu nyeupe na moja nyeusi, azitie mfukoni. Atoe moja bila kutazama, aihesabu, airudishe, atikise, atoe tena. Ile nyeusi ni pigo. Ajaribu kama ataweza kutoa nyeupe mara 27 mfululizo. Kwa hesabu, katika kila majaribio 2,000 na zaidi kidogo atafaulu kama mara moja. Na wenzake darasani wagawanyike: nusu walitaje neno kwa sauti kuu, nusu wanyamaze kimya. Kokoto hazitabagua.

Je, basi kule kunyamaza kibandani ni upuzi mtupu? Hatusemi hivyo. Mtu aliye katika kazi ngumu, ambaye kosa moja dogo litamwangusha, hahitaji kukumbushwa kila dakika kwamba watu wanamtazama. Wanaomwacha akae peke yake huenda wanadhani kwamba wanailinda bahati, kumbe wanamlinda yeye. Hiyo ni adabu njema, ijapokuwa sababu waitoayo si ya kweli. Lakini yafaa tujue mipaka yake. Bunning hakuitaka adabu hiyo. Yeye aliona afadhali kusema. Na msikilizaji aliye mbali hamsumbui mrushaji kwa kuijua habari.

Ndivyo alivyoona kijana mmoja aliyeingia kazini mwaka 1950 chini ya Red Barber mwenyewe, akafunzwa naye. Jina lake Vin Scully. Usiku wa tarehe 9 Septemba 1965, huko Los Angeles, ambako Dodgers walikuwa wamekwisha kuhamia, Sandy Koufax alifika zamu ya tisa pasipo mtu wa Chicago kufika kituo cha kwanza. Scully hakuficha neno. Aliwaambia wasikilizaji waziwazi wako mbele ya jambo gani, na wamebaki wangapi. Akataja tarehe, na saa, na dakika, ili habari yake ibaki kuwa kumbukumbu kamili. Saa tatu na dakika 46 usiku Koufax alimtoa mtu wa 27.

Hapo Scully akanyamaza, akawaacha watu waliokuwa uwanjani wapige kelele, na wasikilizaji wakazisikia.